Tafakari ya Ramadhani, Siku ya 19: Kidumu cha Maji ya Kufuturu



Ndugu zangu, Alhamdulillah, leo tumefika siku ya 19. Kesho jua likizama tunaingia kumi la mwisho, na tuseme ukweli, wengi tumeshaanza kuchoka. Daku tunakula huku tunasinzia, futari tunakula mbiombio, na safu za tarawehe zimepungua. Kwa hiyo leo sitazungumzia yanayobatilisha swaumu. Leo tuzungumze kuhusu nyumba zetu.

Juzi dada mmoja wa Kikatiti aliniandikia ujumbe, na amenipa ruhusa niulete hapa bila jina lake. Anasema: "Dada, watoto wangu watatu wote wanafunga, mashaallah. Lakini Ramadhani ya nyumbani kwetu imekuwa kama stendi. Huyu anafuturu sebuleni na simu, yule anakuja baada ya tarawehe, baba yao anafuturia kazini, mimi nakula mwisho jikoni nikiwa nimesimama. Wakiwa wakubwa, hawa watoto watakumbuka nini?"

Nimekaa na swali hilo siku mbili. Mimi si mwanachuoni, kwa hiyo nitaanza kulijibu kama mtoto aliyelelewa Maji ya Chai. Halafu tutaangalia mafunzo ya dini yetu, na mwisho tutachagua jambo moja la kuanza nalo kesho. Tuvumiliane, leo ni ndefu kidogo.

*Maji ya kwetu*

Wenyeji wanajua jina letu limetoka wapi. Ukitoka Arusha kwenda Moshi, ukishapita Usa River, unakuta mto unaoshuka kutoka Mlima Meru, na maji yake yana rangi ya chai ya rangi.

Lakini rangi si shida kubwa. Shida ni kitu ambacho hukioni kwa macho: floraidi. Ardhi yetu ni ya volkano, na maji yanapopita kwenye miamba yake yanabeba madini hayo kwa wingi, kupita kile kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Ndiyo maana wengi tuliokulia huku meno yetu yana rangi ya kahawia, na wapo watoto waliopinda miguu kabisa. Kuchemsha hakusaidii, maana maji yanapungua na floraidi inabaki palepale. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kilichoshughulika na kuchuja floraidi kwa kutumia mkaa wa mifupa. Ila kwa nyumba kama yetu, enzi za utoto wangu, maji ya kuaminika yalikuwa ya mvua.

Na maji ya mvua yalikuwa kwa Bibi.

Bibi mzaa mama alikuwa Mmeru na Mlutheri, mwanakwaya. Baba yangu alikuwa Mrangi wa Kondoa aliyekuja huku kutafuta kazi kwenye mashamba ya maua, akamuoa mama, na mama akasilimu. Nyumba ya Bibi ilikuwa ng'ambo ya mfereji, mwendo wa dakika kumi kwa miguu ya mtoto. Alikuwa na tangi la saruji pembeni ya nyumba, na mfereji wa bati kutoka kwenye paa. Masika ikinyesha, tangi linajaa. Bibi alilifunga kwa kufuli, na ufunguo aliufunga kwenye pindo la kitenge chake.

Ramadhani ya kwanza ninayoikumbuka vizuri, baba alikaa na Bibi wakakubaliana. Maji ya kupikia na kuoga tungeendelea kuyapata kwingine kama kawaida. Ila maji ya kufungulia swaumu yatatoka kwenye tangi la Bibi. Kidumu kimoja cha lita tano kwa siku.

Baba akachukua chaki, akaandika majina yetu sisi watoto wanne nyuma ya mlango wa jikoni. Hiyo ndiyo zamu. Ukitoka madrasa baada ya alasiri, kama ni siku yako, unachukua kidumu unakwenda kwa Bibi. "Shikamoo Bibi." "Marahaba mjukuu wangu, leo zamu yako?" Anafungua kufuli, anakujazia. Mara nyingine anakuongezea na ndizi mbili tatu au gimbi la kuchemsha, amelifunga kwenye jani.

Ukirudi, kazi yako haijaisha. Saa kumi na mbili na nusu ikishapita, wote tumekaa mkekani, tende zipo mbele yetu. Aliyechota ndiye anamimina. Anaanza kwa baba na mama, anashuka mpaka kwa kitinda mimba, mwenyewe anajimiminia mwisho. Akishamaliza, baba anamuuliza: "Leo tunamuombea nani?" Anataja mtu mmoja. Tunanyanyua mikono, kila mtu kimoyomoyo, mpaka adhana.

Siku moja mdogo wangu, ana miaka sita hivi, alisema tumuombee ndama wa Bibi, anaharisha. Sisi wakubwa tukaanza kucheka. Baba hakucheka. Alinyanyua mikono kama siku zote, na sisi tukanyamaza tukanyanyua ya kwetu. Baadaye Bibi aliposikia kwamba nyumba nzima ya wafungaji imemuombea ndama wake, alikaa kimya muda mrefu.

Basi, hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya nyumba yetu. Haikuwa na gharama. Jumla yake haizidi robo saa, ukitoa ile safari ya kwenda na kurudi.

*Mwaka ambao baba hakuwepo*

Nilipokuwa kidato cha pili baba alifariki, wiki chache kabla ya Ramadhani. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Siku ya kwanza ya mfungo ilifika. Mama alipika kwa sababu lazima watu wale. Sisi tulikaa kaa tu. Hakuna aliyegusa kidumu. Majina ya mwaka uliopita yalikuwa yamefutika pale mlangoni, na kila mwaka aliyeyaandika upya alikuwa baba. Kila mmoja wetu alikumbuka, na kila mmoja aliogopa kuwa wa kwanza kulisema, kwa sababu ukisema "maji" umesema "baba".

Zimebaki dakika chache adhana iingie, tukasikia hodi. Ni Bibi. Amekuja na fimbo mkono mmoja, kidumu mkono mwingine, ametota jasho. Wakati huo alikuwa mtu mzima sana, na kile kilima cha kutokea mferejini wengine tulikipanda kwa kuhema.

Akasema: "Nimekaa nasubiri, hajaja mtu. Leo zamu ya nani?"

Hakuna aliyejibu. Mama akainuka, akaenda jikoni, akachukua kipande cha mkaa. Akaandika mlangoni majina matano. La kwanza lilikuwa la kwake. Halafu akarudi, akamwekea Bibi vikombe mbele yake: "Mama, leo umechota wewe. Mimina wewe."

Bibi akamimina, kikombe kwa kikombe, mpaka kwa kitinda mimba. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyeuliza, sauti ikiwa nzito: "Bibi, leo tunamuombea nani?" Bibi akataja jina la baba.

Kesho yake baada ya alasiri, mama mwenyewe alichukua kidumu, akavuka mfereji kwenda kwa mama yake.

Ndugu yangu msomaji, nimekupa kisa hiki ili tuulizane: desturi ile ilikuwa ya nani? Aliyeianzisha ni baba. Baba aliondoka na haikufa. Haikufa kwa sababu alikuwa ameshaigawa. Bibi alishika ufunguo, sisi tulishika kidumu, mama alishika mkeka. Alipotoka mtu mmoja, mwingine aliikamata upande wake. Desturi inayobebwa na mtu mmoja inazikwa naye. Inayobebwa na wote inabaki, hata siku ambayo hakuna mwenye nguvu ya kuianza.

*Je, si uzushi?*

Najua kuna atakayeuliza, na ni haki yake: hivi mambo haya ya kujiwekea nyumbani si bid'a?

Tutenganishe vitu viwili. Ibada tumeletewa. Idadi ya rakaa, wakati wa kufunga na kufungua, kiasi cha zaka, hayo hatuongezi wala hatupunguzi. Ada ni namna watu wanavyoishi: wanakaaje, wanagawana vipi kazi, nani anamimina maji. Kanuni inayojulikana kwa wanachuoni ni kwamba ibada inahitaji dalili, na ada asili yake ni ruhusa mpaka lije katazo. Kwa hiyo usiwaambie watoto kwamba maji ya kwa Bibi yana thawabu maalumu, au kwamba asiyetaja jina la mtu swaumu yake imepungua. Ukifika huko umevuka mpaka. Waambie: hii ni desturi ya nyumba yetu, inatusaidia kukumbuka ibada. Basi.

Tena tukirudi kwenye sira tunakuta nyumba za Maswahaba zilikuwa na mambo kama haya. Katika Bukhari na Muslim imepokelewa kutoka kwa Rubayyi' bint Mu'awwidh (r.a.), mwanamke wa Kiansari, akisimulia habari za swaumu ya Ashura pale Madina. Anaeleza kwamba walikuwa wakiwafungisha na watoto wao wadogo, na walikuwa wakiwatengenezea vitu vya kuchezea vya sufi. Mtoto akilia njaa, anapewa kile kitu cha kuchezea, mpaka wakati wa kufuturu unafika.

Hebu itazame picha hiyo. Mama amekaa anasokota sufi amtengenezee mwanawe kitu cha kumshikilia mpaka magharibi. Hakuna aliyewaamrisha sufi. Waliamrishwa swaumu, na sufi ilikuwa hekima ya mama anayejua mtoto wake analia saa ngapi. Imepita miaka zaidi ya 1,400 na bado tunaisoma.

La pili ni mlango tunaougonga kesho. Mama Aisha (r.a.) anasimulia, nayo imo katika Bukhari na Muslim, kwamba kumi la mwisho likiingia Mtume (s.a.w.) alikuwa akijifunga kibwebwe, akiuhuisha usiku, na akiwaamsha watu wa nyumbani kwake. Sikiliza hapo mwisho. Hakuwaacha wamelala akaenda kutafuta Laylatul Qadr peke yake. Aliwaamsha.

Na la tatu ni kwa wenzangu ambao, kama mimi, wana bibi au mjomba asiye Mwislamu. Huku Meru familia nyingi ziko hivyo, na Ramadhani inaweza ikawa mwezi wa kutengana: nyie na futari zenu, wao huko kwao. Asma bint Abi Bakr (r.a.) alijiwa na mama yake ambaye hakuwa amesilimu, akamuuliza Mtume (s.a.w.) kama amuunge mama yake, akaambiwa amuunge. Hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Bibi yangu hakusilimu mpaka alipofariki. Lakini sikumbuki Ramadhani ya utotoni ambayo haikuwa na mkono wake ndani.

*Nilivyoharibu mwenyewe*

Sasa msidhani naongea kama mtu aliyefaulu. Nilipoolewa na kupata nyumba yangu, niliiacha desturi hii miaka mingi. Tulikuwa na bomba la maji mazuri, friji ipo, nikaona kidumu ni mambo ya shida za zamani.

Halafu watoto walipokua kidogo nikaingiwa na wasiwasi ule ule wa dada wa Kikatiti. Nikafanya nini? Nikachukua karatasi kubwa nikapanga ratiba. Kila siku juzuu moja, kila siku kisa cha Mtume, kila siku chakula cha kumpelekea jirani, usiku mashindano ya kuhifadhi sura, na futari ya aina saba. Sambusa, kaimati, tambi, mihogo ya nazi, shurba, kila kitu. Nikapamba sebule, nikapiga picha nikaweka kwenye status.

Siku ya nne nilikuwa nimeshaanza kupiga kelele. Nawafokea watoto wawahi kisa cha Mtume! Siku ya sita ratiba ilibaki ukutani hakuna anayeitazama. Mwanangu wa kiume, ana miaka kumi na moja, akaniambia: "Mama, Ramadhani ya mwaka jana ilikuwa nzuri kuliko hii, ulikuwa hujachoka."

Iliniuma, lakini alikuwa sahihi. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba amali anazozipenda zaidi Allah ni zile zinazodumu, hata zikiwa kidogo. Mimi nilitaka kubwa, nikapata ya siku sita.

Nikajifunza na jambo lingine. Desturi inayomchosha mtu mmoja ili wengine wafurahi hiyo si desturi ya familia, ni kibarua. Na mara nyingi kibarua huyo ni mama. Mama Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, jibu lake lilikuwa kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumbani kwake, na wakati wa swala ukifika anatoka kwenda kuswali. Hiyo imo katika Bukhari. Kwa hiyo baba ukiona nyumba yako ina desturi nzuri ya futari, jiulize: mkono wangu uko wapi humo?

Jioni ile nilitoa kidumu stoo. Sikuwa na tangi la Bibi tena, wala hatukuwa na shida ya maji. Nikamwambia yule mwanangu: "Leo wewe utajaza jagi, utatumiminia wote, halafu utatuambia tumuombee nani." Akauliza kwa nini. Nikamsimulia habari za babu yake, na mfereji, na ufunguo kwenye pindo la kitenge. Siku hiyo alimuombea babu yake, mtu ambaye hajawahi kumuona.

Maji yalibadilika. Kidumu kikawa jagi. Tumeacha yaliyokuwa ya shida, tumeshika yaliyokuwa ya maana.

*Tufanyeje kuanzia kesho?*

Dada yangu wa Kikatiti, na wewe unayesoma, nakuomba leo baada ya futari muombe kila mtu dakika kumi. Simu zikae pembeni. Mchague jambo moja tu la kumi la mwisho. Usiku tisa au kumi, inategemea mwezi. Ukitaka mifano, hii hapa minne, chagua mmoja.

1. *Mwamshaji.* Kila usiku mtu mmoja ana zamu ya kuwaamsha wengine kabla ya daku, watu wapate walau rakaa mbili pamoja. Mtoto naye awe na usiku wake. Mpe saa au mpe sufuria na mwiko agonge. Mtoto aliyezoea kuamshwa atafurahi mno siku atakayomuamsha baba yake.

2. *Kopo la sadaka.* Chukua kopo tupu la maziwa, toboa mfuniko. Kila usiku kila mtu anatia alichonacho, hata shilingi mia. Asiyenacho akope kwa mwenzake, lakini mkono wake uingie. Usiku wa kuamkia Idi mnalifungua pamoja na watoto ndio wanaopeleka mnakokubaliana.

3. *Simu moja.* Baada ya futari, mtu mmoja anapiga simu kwa ndugu mmoja ambaye hamjaongea naye muda mrefu. Simu inawekwa sauti kubwa, wote mnamsalimia. Usiku kumi, ndugu kumi. Kama kuna ambaye mmenuniana naye, muwekeni usiku wa 27, pengine mtakuwa mmeshapata ujasiri.

4. *Pishi ya watoto.* Zakatul fitri ya nyumba yenu mwaka huu ipimwe na watoto. Pishi moja kwa kila kichwa, yaani vibaba vinne. Mtandikie mkeka, mpe mchele au unga na kibaba, apime cha kwake, cha mdogo wake, cha kwako. Halafu mwende naye kuipeleka kabla ya swala ya Idi. Wengi wetu tulikua tunasikia tu kwamba "baba ameshatoa". Aliyepima kwa mkono wake hasahau.

Mkishachagua, zingatieni mambo manne.

Kwanza, kila mtu awe na kazi, mpaka mdogo kabisa. Mtoto hatakumbuka mawaidha uliyompa, atakumbuka alichokibeba.

Pili, iwe saa ileile na pahali palepale. Sisi tulikuwa hatuhitaji kukumbushwa, kwa sababu jua lenyewe likielekea kuzama lilitukumbusha.

Tatu, sema sababu kwa mdomo. Baba yetu alitueleza wazi: nataka mjue kwamba tunafuturu kwa wema wa mtu mwingine. Asingesema, tungedhani anatutuma maji tu.

Nne, mkikosa siku moja, msifanye kesi. Kesho yake endeleeni. Nyumba ina ugonjwa, ina safari, ina siku za mvua. Hakuna kuhesabiana makosa kwenye jambo ambalo Allah hakulifaradhisha.

Na kwako unayefuturu peke yako: mlinzi uliyeko getini, mwanafunzi wa chuo uliyepanga chumba Tengeru, dereva unayekata tende kwenye foleni, usione haya hayakuhusu. Chukua ule wa simu moja. Au kabla hujanywa maji yako, taja jina la mtu mmoja. Familia yako ipo, ila imetawanyika. Na kama umefiwa na hii ni Ramadhani yako ya kwanza bila yeye, nakuelewa kwa nini hutaki kugusa kidumu. Huna haja ya kusubiri mpaka maumivu yaishe. Bibi alikuja huku analia kilimani, na maji yalifika.

Dada yangu, uliuliza watoto watakumbuka nini. Wanangu walimu wa dini watawafundisha hukumu za swaumu vizuri kuliko mimi, inshallah. Lakini nani atawafundisha ladha ya Ramadhani ya nyumbani kwao? Hilo limebaki kwetu. Na wewe unayekula mwisho jikoni umesimama, desturi yako ya kwanza iwe hii: kesho adhana ya magharibi ikukute umekaa mkekani, na mtoto wako anakumiminia maji.

*Kazi ya leo:* chagueni jambo moja, gawaneni zamu, andikeni majina mahali ambapo kila mtu ataona. Nyuma ya mlango wa jikoni panafaa sana.

Ewe Mola wetu, zijaalie nyumba zetu ziwe na utulivu. Wasamehe wazazi wetu waliotangulia, walioanzisha mambo mazuri nasi tukayakuta. Tufikishe kumi la mwisho tukiwa wazima, na utuamshe sisi na watu wetu. Tujaalie tusiondoke duniani bila kuacha nyuma yetu mkono wa kushika kidumu. Amin.

Ukiona lina faida, mtumie na mwenzako. Kesho inshallah tutaangalia namna ya kuugawa usiku wa kumi la mwisho kwa mtu ambaye asubuhi anakwenda kazini.

Swaumu maqbul. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.